Shemeji ana mapafu mapya, anataka kurudi Mwaloni

SWALI: Dokta shikamoo. Shemeji yangu aliwekewa mapafu yote mawili India mwaka juzi, ya kwake yalishajaa makovu, alikuwa analala na mtungi wa oksijeni pembeni. Saa hii anapanda ngazi za mawe za hapa Bugarika hadi ananiacha mimi. Sasa kuna jamaa kamwambia kasoma mtandaoni kwamba waliowekewa mapafu wanaishi miaka mitano tu, toka siku hiyo dada yangu analia jikoni. Mwenyewe wala hana habari, anataka arudi kwenye dagaa zake soko la samaki la Mwaloni. Tumwachie?

JIBU: Marahaba. Huyo jamaa kasoma nusu nusu. Karibu nusu ya wanaopandikizwa mapafu wanavuka miaka sita, na hesabu hiyo inabeba hadi wale waliofariki mapema wakiwa bado hospitali, ambao ndo wanaivuta chini. Shemeji yako keshavuka mwaka wa kwanza, na kwa waliovuka hapo nusu yao wanafika miaka minane na kuendelea, wengine hadi ishirini. Yule wa kwanza kabisa kupandikizwa pafu, Marekani 1963, aliishi siku 18 tu.

Ila sitawadanganya, mapafu ni kiungo kigumu kuliko figo maana kila pumzi inaingiza vumbi na vijidudu. Linalotusumbua zaidi ni mwili kuyakataa polepole, vijia vidogo vya hewa vinaziba bila hata maumivu, na ndani ya miaka mitano inawakuta karibu nusu yao. Ndo maana ile mashine ya kupuliza nyumbani, inayopima nguvu ya pumzi, sio pambo! Namba ikishuka asilimia 10 apige simu hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kikohozi.

Dawa za kushusha kinga ni za maisha, saa mbili asubuhi saa mbili usiku, alamu iwekwe hata kama kuna msiba. Zinachokoza figo, zinapandisha sukari na presha, so vipimo haviishi. Balungi asiguse, linapandisha dawa kwenye damu. Na bibi yenu akija na nyungu na mizizi yake mpokeeni vizuri, ila shemeji asinywe wala asijifukize.

Mwaloni aende jamani, mtu alikaa na mtungi miaka yote hiyo leo mumfungie ndani? Ila kupepeta dagaa hapana, lile vumbi linaloruka gunia likikung'utwa amwachie kijana, yeye akae upande upepo unakotokea na daftari lake na barakoa, mbali na moshi. Ziwani asiingie hata kuosha miguu, kichocho hicho.

Homa ikimpata msikimbilie kumnunulia antibayotiki duka la dawa, kuna zinazogombana na takrolimasi yake, ile dawa ya kushusha kinga. Mpigieni daktari wake kwanza, hata usiku.