Sayansi kwa vitendo darasa la tatu pasipo maabara: jibu kwa mwalimu mwenye watoto 80

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utafundishaje Sayansi kwa vitendo ukiwa na watoto 80 wa darasa la tatu, kipindi cha dakika 40, na shule isiyo na maabara wala kabati la vifaa. Nimelifundisha darasa hilo kwa miaka 11 wilayani Muheza, mkoani Tanga, katika hali inayofanana sana na yako. Vifaa hupatikana, kwani vingi viko jikoni na sokoni. Jambo nililochelewa kulitambua ni kwamba mtoto akigusa kabla ya kubashiri hucheza tu, lakini akishasema mbele ya wenzake anachodhani kitatokea, na kukiandika daftarini, hulifuatilia jaribio mpaka mwisho.

Chukua chungwa, ambalo huku kwetu si ghali. Nilijaza maji kwenye beseni nikauliza kama chungwa zima litaelea au litazama. Wengi walisema litazama kwa sababu ni zito, na lilipoelea darasa zima lilipiga kelele. Ndipo nikauliza swali la pili: nikilimenya, je? Karibu wote waliandika kwamba litaelea zaidi kwa kuwa uzito umepungua, na hoja hiyo ni nzuri, usiidharau. Likazama hadi chini. Msichana mmoja wa dawati la mbele alilitoa, akalipangusa kwa sketi yake, akalirudisha majini taratibu kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ndiye niliyeliweka vibaya. Likazama tena. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumbembeleza mtu asikilize maelezo: ganda la chungwa lina vijitundu vingi vyenye hewa, nalo hulibeba chungwa kama dumu tupu lililofungwa kifuniko linavyombeba mtoto anayejifunza kuogelea. Menya kwa vidole na uondoe utando mweupe wote, kwa maana chungwa lililomenywa kwa kisu, kama wafanyavyo wauzaji wa barabarani, hubaki na utando huo ambao nao una hewa, hivyo laweza kuendelea kuelea.

Kuhusu idadi, mimi hupanga vikundi 8 vya watoto 10, kila kimoja na beseni la kuazima, na ndani ya kikundi wawili hushika, mmoja huchora, wengine huandika, kisha hubadilishana. Kelele zitakuwepo, zivumilie.

Jaribio likiharibika, usilifiche. Mwaka mmoja tulipanda maharage juu ya pamba katika chupa za maji za plastiki zilizokatwa. Siku ya Ijumaa, kwa kuhofia kwamba yangekauka mwisho wa juma, nilijaza maji katika kila chupa hadi yakafunika mbegu. Jumatatu darasa lilikuwa linanuka, maharage yamevimba, yana utelezi, yameoza. Nilitaka kuyamwaga na kuanza upya kimyakimya kabla watoto hawajaingia, lakini kiranja alikwisha kufika, naye ndiye aliyegundua kwamba chupa ya kikundi kimoja ilikuwa na tundu. Maji yake yalikuwa yamevuja, pamba imebaki na unyevu tu, na maharage yamepasuka ganda na kutoa vijizizi vyeupe. Niliwauliza wote kwa nini hayo yameota na mengine yameoza. Mvulana mmoja, baada ya kuzitazama chupa mbili kwa muda mrefu, akasema, “Mwalimu, ya kwetu yalikosa pumzi.” Nami nilikuwa sijatamka neno lolote kuhusu hewa na uotaji wa mbegu. Wiki iliyofuata tulirudia kwa chupa tatu, yaani pamba kavu, pamba yenye unyevu na pamba iliyofunikwa kwa maji, na safari hiyo kila mtoto alibashiri kwa sababu aliyokuwa tayari kuitetea.

Tumia maharage ya kula, usitumie mbegu za kupanda zilizopakwa dawa, na uyaloweke usiku mmoja. Chupa za glasi na moto niliviondoa kabisa kwa umri huu.

Mtoto mwingine aliuliza kama maharage yataota ndani ya boksi lililofungwa. Wengi walikataa, wakisema mmea hauishi bila mwanga. Yaliota, kwa kuwa mbegu huanza kwa kutumia chakula kilichomo ndani yake, lakini miche ilitoka mirefu, myembamba na ya njano, maana bila mwanga haikuweza kutengeneza umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya majani. Tuliihamishia dirishani, na kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini nilikuwa nikiwakuta watoto wamesongamana hapo, wakibishana ni jani lipi limeanza kuwa la kijani.