Aliyepata sifuri ya imla

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwalimu anavyomchukulia mtoto mwenye ulemavu kunabadilisha nini darasani? Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Arua, Uganda, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

P4 yangu, yaani darasa la nne, ina watoto 94. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa akizipata hesabu za ubaoni zote, lakini imla, sifuri. Muhula mzima nilimwita mzito, tena mbele ya wenzake. Kisha akatutembelea mwalimu aliyesomea elimu maalumu Chuo Kikuu cha Kyambogo. Alikaa nyuma kama dakika ishirini, halafu akaniuliza taratibu: "Mwalimu, mbona unaongea na ubao?"

Kumbe mtoto hasikii vizuri. Alikuwa akinisoma midomo, nami midomo nimeupa ubao.

Dawa yake haikutaka hata shilingi. Nilimleta mbele, nikaacha kusimama mgongo dirishani, maana uso ukiwa gizani midomo haisomeki. Siku hizi naandika kimya, nageuka, ndipo naongea. Imla bado inamtesa (b na p mdomoni ni kitu kimoja, jaribuni mbele ya kioo), ila sifuri hapati tena.

Ofisini nako wenzangu wakaingiwa na huruma, na huruma hiyo naiogopa kuliko ukali wangu wa zamani. "Maskini, mwache, usimuulize swali." Daftari lake likaanza kujaa alama za bure. UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza mwaka 1997, ikilipia watoto wanne kwa kila familia, mwenye ulemavu alipewa kipaumbele katika hao wanne. Kwa hiyo mlango wa shule alifunguliwa zamani. Na kwenye mtihani, UNEB, baraza letu la mitihani la taifa, humwongezea mtahiniwa wa namna yake dakika 45. Anaongezewa muda, hapunguziwi maswali. Sasa aliyelelewa kwa alama za bure, dakika hizo atazifanyia nini?

Sijidai nimefuzu. Watoto 94 ni wengi, kengele inakimbia, na kuna siku najisahau, naandika huku naropoka. Hapo dawati lote la mbele hunipigia kelele, naye akiwemo: "Ticha, geuka!"