Miswada ya tenzi iko London, nitaionaje?

SWALI: Dada mhariri shikamoo. Mi nipo Mombasa nasomea tenzi za zamani, mwalimu kasema miswada ya herufi za Kiarabu iko chuo cha SOAS huko London, sasa nauli na viza ntatoa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Washa simu kwanza, SOAS washaskani miswada mingi wakaiweka mtandaoni bure, ingia mikusanyo yao ya dijitali utafute jina la Hichens au Taylor, Waingereza waliokusanya miswada hiyo. Hichens aliandikiwa mingi na Muhammad Kijuma wa Lamu, ukivuta picha unaona mwandiko wake herufi kwa herufi, raha tupu! Tafuta kwa "utendi" na "utenzi" pia, maana ukitumia neno moja tu utakosa vitu. Ukikuta maelezo bila picha, nakili namba ya mswada uwatumie imeili uulize utaupataje. Na usisahau maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina miswada aliyokusanya J.W.T. Allen, nauli yake si kama ya London.

Kinachoniuma ni kwamba wazee wanaoisoma hati hiyo ya Kiarabu bado tunao ila wengi hawajaambiwa miswada imo humo simuni, kwa hiyo ukiipata mpelekee mmoja akusomee, umrekodi kama atakubali.