Kisima chepesi kuliko mvua, maabara wamekosea?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko Sikonge, Tabora, tuna kisima kirefu cha pampu ya mkono jirani na lambo la kijiji. Tulikinga mvua msimu mzima, kila mwezi chupa yake, tukapeleka na ya kisima na ya lambo kupimwa isotopu, yaani kiasi cha oksijeni na haidrojeni nzito ndani ya maji. Lambo limetoka zito, hilo naelewa, ila kisima kimetoka chepesi kuliko wastani wa mvua. Sasa hayo maji yametoka mvua ipi? Au maabara walichanganya chupa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sidhani kama chupa zimechanganywa, hilo jibu lako ndo lenyewe kabisa na ni zuri sana.

Kwanza nikuulize, wastani umeupigaje? Kama umejumlisha miezi ukagawanya kwa idadi yake umeionea Desemba, maana mwezi wa milimita 15 hauwezi kuwa na kura sawa na mwezi wa milimita 200. Zidisha kila namba kwa milimita zake, jumlisha, afu gawanya kwa milimita zote za msimu. Wastani utashuka, lakini naamini kisima bado kitabaki chini yake, na hapo ndo utamu unapoanzia.

Kwenye nchi za baridi kinachoamua uzito wa mvua ni joto la hewa. Huku kwetu kinachoamua zaidi ni wingi wa mvua yenyewe, jambo alilolieleza mwanasayansi Dansgaard mwaka 1964. Mvua kubwa inapopiga, oksijeni-18 (ndo oksijeni nzito) na haidrojeni nzito zinatangulia kudondoka, mvuke unaobaki juu unazidi kuwa mwepesi na mvua inayofuata inakuwa nyepesi vilevile. Manyunyu ya Oktoba ni kinyume, tone linapita kwenye hewa kavu, linakauka njiani, vyepesi vinapaa na vizito ndo vinafika chini. Na manyunyu hayo hayafiki kwenye kisima hata siku moja, yanalowesha juu tu, jua na mizizi ya miombo vinayamaliza. Inayopenya ni ile mvua ya kumwaga, siku mbili tatu mfululizo, udongo ushashiba. Kwa hiyo kisima chako kinabeba alama ya mvua kubwa peke yake. Makutapora pale Dodoma, ambako vipimo vya kina cha maji ya ardhini vimeanza miaka ya 1950, hali ni hiyohiyo, miaka mingi kinashuka tu, afu unakuja msimu kama wa El Niño ya 1997/98 kinapanda kwa kishindo.

Sasa lambo. Chora grafu, oksijeni chini, haidrojeni pembeni. Mvua zitajipanga karibu na mstari wa mwanasayansi Harmon Craig wa 1961, yaani namba ya haidrojeni ni mara 8 ya namba ya oksijeni ukiongeza 10. Maji yaliyopigwa na jua yanauacha huo mstari na kulala, mteremko unakuwa 4 mpaka 6 hivi badala ya 8. Kisima kikikaa kwenye mstari wa mvua wenyewe, maji ya lambo lililokaukiwa hayamo, au ni kidogo mno. Ndugu zetu wa Kigoma wenye visima vya ufukweni wana kazi rahisi zaidi, Tanganyika inapoteza maji yake mengi kwa mvuke mpaka namba yake ya oksijeni iko upande wa chanya, yaani nzito kuliko maji ya bahari, kisima kinachonyonya ziwa kinajulikana mara moja.

Ila lako lina mtego, naomba uusikilize vizuri. Lambo nalo linajazwa na mvua kubwa zilezile, kwa hiyo Februari maji yake bado mepesi, likivuja wakati huo huwezi kulitofautisha na mvua kwa isotopu. Usimwambie mtu yeyote kijijini kwamba lambo halichangii kitu mpaka upime na kina cha kisima kila wiki, uone kinapanda baada ya mvua kubwa au baada ya lambo kujaa. Kwenye lambo chukua chupa kila mwezi mpaka Oktoba, chupa ndogo ya plastiki ngumu, ijae mpaka mdomoni pasibaki hewa, kifuniko kikazwe, maana chupa iliyolegea itakukaukia begini na utasoma mvuke wa begi badala ya lambo. Na pampu ya kisima ipige kwanza, maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, ndo ukinge.

Ukishapata nitumie namba zote mbili, ya oksijeni na ya haidrojeni, pamoja na milimita za kila mwezi.