Mbona paa la kiwanda limekaa kama meno ya msumeno?

SWALI: Habari za kazi. Mimi naishi Manchester, juzi tulienda Burnley kuangalia kiwanda cha nguo cha zamani, Queen Street Mill. Mbona hakina ghorofa wakati viwanda vya pamba vya huku Manchester ni maghorofa matupu, alafu paa lake lina meno meno kama msumeno, upande vigae upande vioo? Walikosa hela au?
Msomaji, Manchester

JIBU: Nzuri ndugu, na hela haikuhusika kabisa. Huko Manchester na Oldham walikuwa wanasokota uzi, na mashine za kusokota unaweza kuzipanga ghorofa juu ya ghorofa. Burnley walikuwa wanafuma. Mashine ya kufuma inarusha kile kijiti chenye uzi kulia kushoto kwa nguvu, inatikisika balaa, sasa piga picha mamia ya mashine hizo zinatikisika pamoja ghorofa ya nne, jengo litapasuka, kwa hiyo zikawekwa chini, kwenye sakafu iliyokaa juu ya ardhi.

Sasa ukishatandaza jengo chini, mwanga wa madirisha ya pembeni haufiki katikati na mfumaji lazima auone uzi uliokatika palepale, ndo maana mwanga ukaletwa kwa juu. Vile vioo vimeelekezwa kaskazini makusudi! Uingereza jua linapita upande wa kusini, kwa hiyo kaskazini unapata mwanga uliotulia, haukuchomi macho wala hauleti vivuli, na jua halikaushi nyuzi, maana uzi wa pamba ukikauka unakatika ovyo. Mimi hiki ndo kitu nakipenda kuliko vyote kwenye jengo lile. (Kwetu Tanzania hesabu hii inagoma, mwezi wa sita jua liko kaskazini.)

Zile nguzo nyembamba za chuma nazo hazijabeba paa tu, zimeshika pia shafti ndefu zinazozunguka huko juu, kila mashine ilikuwa inavuta nguvu kwa mkanda wa ngozi, na zote zilikuwa zinaendeshwa na injini moja ya mvuke inayoitwa Peace, nguvu farasi 500. Kiwanda cha 1894 kile, kilifunga 1982 ndo kikaja kuwa makumbusho.

Maghorofa ya Manchester adui yake alikuwa moto, sababu mafuta ya mashine na manyoya ya pamba yalikuwa yanaingia kwenye sakafu za mbao. Ukiingia humo angalia dari, kama kuna matao ya matofali juu ya boriti za chuma ujue waliukimbia huo moto.