Je, korasi inaweza kuondolewa katika tanzia ya Kigiriki?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha shule ya sekondari hapa Jinja, na wanafunzi wangu wanajiandaa kuigiza "Antigone", tanzia (tamthilia ya huzuni) ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale. Walimu wenzangu wananishauri niwaondoe wazee 15 wa korasi, yaani kundi linaloimba na kucheza pamoja, kwa kuwa ukumbi wetu ni mdogo na wazee hao, wasemavyo, hawana kazi ila kuimba. Korasi ilitoka wapi, nayo ilikuwa na nafasi gani katika maonyesho ya Wagiriki? – Mwalimu, Jinja.

JIBU: Mwalimu, nakusihi usiwaondoe. Korasi ilitangulia, waigizaji wakafuata. Mwanafalsafa Aristotle ameandika kwamba tanzia ilichipuka kwa viongozi wa dithirambo, wimbo wa kumtukuza Dionysus, mungu wa mvinyo, ambao katika mashindano ya Athens uliimbwa na kuchezwa na kundi la watu 50. Mapokeo yanamtaja Thespis, yapata mwaka 534 KK, kuwa mtu wa kwanza kujibizana na kundi hilo akiwa mhusika anayejitegemea. Mtunzi Aeschylus akaongeza mwigizaji wa pili, Sophocles wa tatu, na hao watatu, wote wanaume, waligawana wahusika wote kwa kubadili barakoa, akiwemo Antigone mwenyewe.

Hata mahali penyewe pa maonyesho palipangwa kwa ajili ya korasi. Watazamaji waliketi kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis, wakitazama chini kwenye uwanja ulioitwa orkestra, yaani mahali pa kuchezea ngoma. Nyuma ya uwanja huo palikuwa na skene, neno ambalo asili yake ni hema, na humo ndimo waigizaji walimobadilishia mavazi. Aliyezoea Ukumbi wa Taifa wa Kampala, uliofunguliwa mwaka 1959, huenda akaona mpangilio huo kuwa mgeni, lakini aliyewahi kusimama kwenye duara la watu kijijini huku wachezaji wakiwa katikati atauelewa mara moja.

Mshairi aliyetaka kushindana katika sikukuu ya Dionysus alikwenda kwa mtawala wa mji kuomba "apewe korasi", na akikubaliwa, tajiri mmoja aliteuliwa kugharimia mafunzo na mavazi ya kundi hilo. Pericles, aliyekuja kuwa kiongozi wa Athens, akiwa bado kijana aliibeba gharama hiyo mwaka 472 KK kwa ajili ya "Waajemi", tanzia ya Aeschylus. Sidhani kama mji ungewatwisha raia wake mzigo huo kwa jambo la pambo tu.

Kuhusu tamthilia yenu, waombe wenzako wasome tena sehemu inayofuata kuondoka kwa mwaguzi Teiresias. Mfalme Creon, ambaye amewakatalia wote, anawauliza wazee wa korasi afanye nini, nao ndio wanaomwambia akamfungue Antigone na kumzika kaka yake Antigone, ambaye maiti yake imeachwa wazi. Ukiwaondoa wazee hao, Creon atabadili nia kwa ushauri wa nani?

Ikiwa nafasi inawabana, wapunguzeni wawe 12, idadi inayosemekana ilitumika kabla ya Sophocles kuifikisha 15. Jukwaa waachieni waigizaji, ondoeni viti vya katikati ya ukumbi, watazamaji waketi pande tatu, na korasi ichezee hapo chini, karibu nao.