Kabla hujaingiza jeni kwenye mmea, uliza ni ya nani

Wadogo zangu mnaosoma bioteknolojia ya mimea, hili darasani hugusiwa juu juu tu. Ukipata jeni nzuri uliza kwanza ina mwenyewe? Na sio jeni peke yake, promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni), maka (jeni ya alama, ya kutambua mimea iliyopokea), hata njia ya kuiingiza kwenye mmea, kila kimoja kinaweza kuwa na patenti yake (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) na mwenyewe tofauti.

Wanasayansi Potrykus na Beyer walitangaza ule mpunga wao wa Golden Rice, uliowekewa jeni ili mchele uwe na kiini cha vitamini A, mwaka 2000, ndo ikaja kuhesabiwa patenti kama 70 zinaugusa! Wakaelewana na kampuni ya mbegu ya Syngenta, mkulima wa nchi maskini anaeingiza chini ya dola 10,000 kwa mwaka halipi kitu. Ila wale walikuwa na jina, mimi na wewe nani atatupokelea simu?

Msiogope kupitiliza lakini. Patenti ni ya nchi kwa nchi, iliyosajiliwa Marekani tu haikuzuii kuzalisha mbegu Dodoma (kupeleka mazao kuuza huko kwao ni habari nyingine), na kwa kawaida ni miaka 20 toka iombwe, wasipolipa ada inakufa mapema. Mie huwa naingia Lens, tovuti ya kutafutia patenti, ni bure, naangalia imesajiliwa wapi na kama bado iko hai, halafu nasoma madai (vile vipengele vinavyotaja hasa mvumbuzi anadai nini ni chake), maana kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye madai, kichwa cha habari kisikutishe.

Kinachouma zaidi ni MTA, mkataba wa kupokea sampuli, huo ukisaini umesaini hata kama nchini kwenu hakuna patenti yoyote. Maabara moja ya nje ilitaka kututumia plazmidi (kiduara cha DNA cha kubebea jeni) bure, tukashangilia weee, kusoma kurasa za nyuma eti chochote tutakachopata wao ndo wa kwanza kupewa leseni. Hatukusaini, tukabishana kwa imeli mpaka wakakubali mbegu za wakulima wadogo zisiguswe. Kwa hiyo mpelekeeni mwanasheria wa chuo, supavaiza asisaini akiwa anakimbilia kikao.

Na sampuli zikitoka huku kwenda nje ndo msome mara mbili. Xa21, jeni ya kuzuia ugonjwa wa bakteria kwenye mpunga, ilitoka kwenye mpunga mwitu wa Mali, patenti ikaenda Chuo Kikuu cha California. Baadae pale Davis, tawi la chuo hicho, wakaanzisha mfuko ili mapato yakija yasomeshe wanafunzi wa nchi zilikotoka mbegu, wazo zuri, ila mgao uandikeni kabla kifurushi hakijaondoka.